Deni ao mshirika? Mashua haijui nani aliilipia

Kwetu Mashariki, mfanyabiashara anayetaka kukuza kazi yake hujiuliza swali moja: nitakopa wapi? Wengine wanakwenda benki, wengine wanakwenda COOPEC, wengine wanangoja zamu yao ya likirimba. Wale waliokosa njia wanapiga hodi kwa wakopeshaji wa «Banque Lambert», hata kama wanajua kwamba riba ya huko inammaliza mtu. Ni wachache wanaojiuliza swali la pili: je, nitafute mtu wa kuingia naye, aweke feza yake ndani ya kazi, tugawane faida na tugawane hasara?

Leo tunataka kusema juu ya swali hilo la pili, kwa sababu hali ya miji yetu inalidai. Katika Goma, Bukavu, Uvira, Butembo na Bunia kuna watu waliofanya kazi miaka mingi, wenye wateja na ujuzi, lakini kazi zao zimekufa ao ziko karibu kufa. Wengi kati yao hawakukosa akili ya biashara. Walichokosa ni namna nzuri ya kuingiza feza.

Tunachosema ni hiki: deni lenyewe haliongezi thamani ya kampuni, na feza ya mshirika vilevile haiiongezi. Thamani inatoka ndani ya kazi. Lakini namna feza ilivyoingia ndiyo inayoamua nani atalipwa kwanza na nani ataanguka siku mbaya ikifika. Na sisi tunaishi pahali ambapo siku mbaya haikawii.

Tuchukue mfano wa mashua

Tuseme kuna mashua ya kubeba mizigo kwenye ziwa Kivu. Bei yake ni dola 40 000. Mwaka mzuri, ukiisha kutoa mafuta, mishahara na matengenezo, inaacha dola 10 000. Mwaka mbaya inaacha dola 2 000 tu. Tuseme tena kwamba katika miaka minne, mitatu ni mizuri na mmoja ni mbaya. Jumla ni dola 32 000, yaani dola 8 000 kwa mwaka tukikadiria katikati.

Mtu anayetaka kuinunua atauliza: nikiweka feza yangu hapa, nataka inirudishie asilimia 20 kwa mwaka kwa sababu kazi ya ziwa ina hatari. Dola 8 000 ni asilimia 20 ya dola 40 000. Basi hiyo ndiyo thamani ya mashua. Haitoki kwenye rangi yake wala kwenye jina la mwenyewe. Inatoka kwenye kile inacholeta na hatari ya kukileta.

Sasa tuone namna mbili za kuipata. Ya kwanza: watu wanne wanachanga, kila mmoja dola 10 000. Hakuna deni. Mwaka mzuri kila mmoja anapata dola 2 500. Mwaka mbaya kila mmoja anapata dola 500. Ni kidogo, lakini hakuna anayelala njaa na hakuna anayebisha mlangoni usiku.

Namna ya pili: mtu mmoja ana dola 10 000 zake, anakopa dola 30 000 kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka. Riba peke yake ni dola 4 500. Mwaka mzuri anabaki na dola 5 500, yaani zaidi ya nusu ya feza aliyoweka. Majirani wanasema: huyu anajua biashara! Lakini mwaka mbaya mashua inaleta dola 2 000, na mkopeshaji anataka dola 4 500. Mwenye mashua anapaswa kutafuta dola 2 500 kutoka mfukoni, na hapo hatujahesabu ile dola 30 000 yenyewe inayongoja kurudishwa.

Angalia vizuri: katika namna zote mbili mashua imebeba magunia yale yale, abiria wale wale, kwa mafuta yale yale. Mwaka mzuri imeleta dola 10 000, hata kama zinakwenda kwa washirika wanne ao kwa mwenyewe na mkopeshaji wake. Mashua haijui nani aliilipia. Aliyekopa alipata zaidi mwaka mzuri kwa sababu alibeba hatari yote peke yake. Siku akitaka kuuza, mnunuzi atasema: mashua ni dola 40 000, lakini deni ni dola 30 000, chako ni dola 10 000. Mtu mwenye mali kubwa kwa macho anaweza kuwa na kidogo sana mkononi.

Wasomi walilisema zamani

Jambo hili halikugunduliwa leo. Mwaka 1958 wasomi wawili wa uchumi waliokuwa wakifundisha Marekani, Franco Modigliani na Merton Miller, walitoa andiko lililotikisa watu wa benki. Walionyesha kwamba kama hakungekuwa na kodi, kama kuanguka kwa kampuni hakungegharimu kitu, na kama wote wangekuwa na habari sawa na wangeweza kukopa kwa riba sawa, thamani ya kampuni isingebadilika hata ikikopa sana ao ikikopa kidogo. Wote wawili walipata zawadi ya Nobel ya uchumi, Modigliani mwaka 1985 na Miller mwaka 1990.

Wengi walisoma andiko lile kama kwamba linasema deni si kitu. Ukilisoma vizuri linafundisha kinyume. Linatuambia: ukitaka kujua kwa nini deni linasaidia kampuni moja na kuua nyingine, usitazame deni lenyewe. Tazama mambo yale ambayo wasomi waliyaweka kando: kodi, gharama ya kuanguka, na tofauti ya riba ambayo mtu na mtu wanatozwa. Hapo ndipo thamani inapoongezeka ao inapopotea.

Tuanze na kodi. Katika nchi nyingi, na yetu pia, riba inahesabiwa kama matumizi ya kampuni, lakini faida inayogawiwa wenye hisa haihesabiwi hivyo. Kwetu kodi ya faida ya kampuni ni asilimia 30. Mashua isiyo na deni italipa dola 3 000 juu ya faida ya dola 10 000. Mashua yenye deni italipa juu ya dola 5 500 tu, yaani dola 1 650. Tofauti ni dola 1 350 ambazo zimebaki kwa wenye feza badala ya kwenda serikalini. Modigliani na Miller walirudia hesabu yao mwaka 1963 ili kuingiza jambo hili. Ndiyo sababu makampuni makubwa duniani yanapenda deni.

Lakini mfanyabiashara wetu mdogo asikimbilie kufurahi. Faida hiyo ni ya yule anayeshika vitabu vya hesabu na anayetozwa juu ya faida. Yule anayetozwa kiasi fulani juu ya mauzo yake, ao anayelipa takse za kila namna barabarani na sokoni, hapati kitu hata akilipa riba ya maelfu ya dola. Kwake deni halina tamu ya kodi. Linabaki chungu tupu.

Gharama ya siku mbaya

Turudi kwa mwenye mashua aliyekopa. Mwaka mbaya umefika, ameshindwa kulipa. Mkopeshaji anakamata mashua na kuiuza haraka. Mtu anayeuza haraka hapati bei. Tuseme inauzwa dola 22 000. Deni lilikuwa dola 30 000, kwa hiyo bado anadaiwa dola 8 000 na mashua hana tena. Parseli aliyoweka kama dhamana inafuata.

Hapa sasa thamani imepotea kweli. Mashua iliyokuwa na uwezo wa kuleta dola 8 000 kwa mwaka imekaa ufukoni miezi kadhaa, wateja wamekwenda kwa wengine, mabaharia wametawanyika. Mkopeshaji amepata hasara, mwenye mashua amepata hasara, na mama aliyekuwa akipeleka ndizi zake sokoni kwa chombo hicho naye amepata hasara. Ingekuwa ni washirika wanne, mwaka ule mbaya ungepita kama mvua kubwa inavyopita: kila mmoja angelowa, lakini nyumba ingebaki.

Kuna uharibifu mwingine ambao hauonekani haraka. Mtu aliyebanwa na deni anaacha kutunza mali. Injini inadai ukarabati wa dola 1 500. Anajua kwamba faida ya ukarabati itakwenda kwa mkopeshaji, basi anaiacha inakohoa mpaka inasimama katikati ya ziwa. Duka lenye deni linapunguza bidhaa. Shule ya binafsi yenye deni inachelewesha mishahara ya walimu. Kabla deni halijaua kampuni, linaidhoofisha kwanza.

Kuhusu «Banque Lambert», hesabu ni fupi. Ukikopa dola 1 000 kwa asilimia 30 kwa mwezi, riba ni dola 300 kila mwezi. Baada ya miezi minne umelipa dola 1 200 na deni la dola 1 000 lingali limesimama pale pale. Kuna biashara gani ya mchele, ya mafuta ao ya nguo inayoacha faida kama hiyo kila mwezi? Haipo. Mkopo wa namna hiyo unakufanya uwe mfanyakazi wa mkopeshaji.

Kolwezi: mgodi uliojaa deni

Wengine watasema mambo haya ni ya watu wadogo. Hapana. Nchi yetu iliyaona kwa mabilioni ya dola huko Kolwezi, katika kampuni ya Kamoto Copper Company, inayojulikana kama KCC. Asilimia 75 ya hisa zake zilikuwa mikononi mwa Katanga Mining, kampuni iliyokuwa chini ya Glencore. Asilimia 25 zilikuwa za upande wa Gécamines, yaani za taifa.

Mgodi ulihitaji feza nyingi kujengwa upya, na sehemu kubwa ya feza hiyo iliingia kama mkopo kutoka kwa kundi la mwenye hisa mkubwa. Maana yake ni rahisi kuelewa. Riba inalipwa kabla ya faida kugawiwa. Mwenye hisa mkubwa, ambaye kundi lake ndilo lilikopesha, anapata mlango wa kupokea feza yake kwanza. Mwenye hisa mdogo, ambaye hakukopesha, anangoja mwisho wa foleni. Riba inapokuwa kubwa na bei ya shaba inaposhuka, mwisho wa foleni hakuna kitu. Na kwa kuwa riba hupunguza faida inayotozwa kodi, Hazina ya nchi nayo inangoja.

Hasara zilikula mtaji wa KCC. Sasa, tangu 2012 Kongo ni mwanachama wa OHADA, na sheria ya OHADA inasema kwamba mtaji halisi wa kampuni ukishuka chini ya nusu ya mtaji ulioandikwa, wenye hisa wanapashwa kuitwa waamue: kampuni irekebishwe ao ivunjwe. Mwezi wa Aprili 2018 Gécamines ilikwenda mahakamani Kolwezi kuomba KCC ivunjwe. Mwezi wa Juni mwaka ule ule pande mbili zilipatana. Deni la karibu dola bilioni 5,6 liligeuzwa kuwa hisa, na upande wa Gécamines ukabaki na asilimia 25 yake bila kupunguzwa.

Siku ile, hakuna hata tani moja ya shaba iliyoongezeka ardhini. Mashine zilikuwa zile zile, na wachimbaji wale wale. Lakini kile ambacho Kongo ilikuwa nacho ndani ya KCC kilibadilika sana. Asilimia 25 ya kampuni iliyozama ndani ya deni karibu ni karatasi tu. Asilimia 25 ya kampuni iliyotua mzigo wa dola bilioni 5,6 ina matumaini ya kuleta kitu.

Tuwe wa haki: mtu aliyeleta feza ana haki ya kuirudisha, na mgodi wa Kolwezi haungesimama kwa maombi. Gécamines yenyewe haikuwa na feza ya kuweka. Swali letu haliko hapo. Swali ni nani aliyekuwa macho miaka yote mtaji ulipokuwa unaliwa. Sheria ilikuwepo. Ilingoja mtu wa kuisoma.

Na kuna somo lingine: kodi ya madini inayoitwa redevansi haiangalii faida, inahesabiwa juu ya thamani ya mauzo. Sheria ya madini ya 2018 iliiweka asilimia 3,5 kwa shaba na asilimia 10 kwa madini yaliyotangazwa kuwa ya kimkakati, kama kobalti. Deni likiwa kubwa namna gani, redevansi haifichiki nyuma ya riba. Ndiyo maana makampuni yalipigana nayo kwa nguvu, na ndiyo maana taifa linapaswa kuishika kwa mikono miwili.

Kwetu, siku mbaya ina tarehe

Tumetoka Kolwezi, turudi Mashariki. Vitabu vya Ulaya na Marekani vinahesabu kuanguka kwa kampuni kama ajali inayotokea mara chache. Kwetu mtu anaweza kuandika orodha ya tarehe. Kuanzia Agosti 2018 mpaka Juni 2020, Ebola ilizunguka Beni, Butembo na vijiji vya jirani, masoko yaliyumba. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka, na siku chache baadaye sehemu kubwa ya Goma iliamriwa kuhama. Maduka yalifungwa, lakini riba haikufungwa. Mwisho wa Januari 2025 AFC/M23 iliuteka mji wa Goma, na katikati ya Februari Bukavu. Depo ziliporwa. Benki za biashara zilifunga milango. Ndege zikaacha kutua kwenye uwanja wa Goma.

Fikiri juu ya mtu aliyekopa mwezi wa Desemba 2024 ili kujaza depo yake. Bidhaa zimeporwa. Akiba yake iko ndani ya benki iliyofungwa. Deni peke yake halikukimbia vita. Limekaa pale linamngoja, na kila mwezi linaongezeka. Kama nusu ya feza ile ingekuwa ya mshirika, hasara ingekuwa nzito vilevile, lakini wangeibeba wawili, na hakuna hati ambayo ingemnyang'anya nyumba.

Kuna hatari ya nne, isiyopiga risasi: bei ya dola. Mikopo mingi ya benki kwetu ni ya dola, lakini muuza unga ao muuza sabuni anapokea franka za Kongo. Mwanzoni mwa 2016 dola moja ilikuwa karibu franka 930. Mwisho wa 2017 ilikuwa imefika karibu franka 1 600, na katika mwaka 2024 ilikuwa karibu franka 2 800. Aliyekopa dola 1 000 mwanzoni mwa 2016 alidaiwa kama franka 930 000. Miaka miwili baadaye deni lile lile lilikuwa franka 1 600 000, bila yeye kuongeza hata kikombe kimoja cha chai. Mshirika, yeye, anapata sehemu ya kile kilichopatikana, kwa feza ile kilipatikana nayo. Franka ikianguka, wanaanguka pamoja.

Kwa hiyo, kadiri siku mbaya zinavyokuwa karibu karibu, ndivyo deni linavyokuwa ghali, hata kama karatasi ya benki inaonyesha riba ndogo. Kampuni ya Paris ao ya Chicago inaweza kubeba deni ambalo kampuni ya Beni haiwezi kulibeba, hata kama zote mbili zinaongozwa na watu wenye akili sawa.

Kwa nini tunaogopa washirika?

Tunajua jibu la wasomaji wetu: mshirika ni matatizo. Leo mnakula sahani moja, kesho anakupeleka tribinali. Atataka kazi kwa watoto wa ndugu zake. Akifa, familia yake itakuja na madai. Tena deni lina mwisho: ukiisha kulipa, umekuwa huru, mshirika anakula na wewe miaka yote.

Hofu hizo si za bure, na hatutazipuuza. Ni kweli pia kwamba kampuni ikifanya vizuri sana, feza ya mshirika inageuka kuwa ghali kuliko ya benki, kwa sababu unampa sehemu ya mafanikio yote. Na deni lina nidhamu yake: mtu anayejua kwamba tarehe 30 ana malipo hachezi na feza.

Lakini tazama ni wapi ushirika unaharibika. Mara nyingi unaharibika pale ambapo hakuna kilichoandikwa. Nani ameweka ngapi? Faida inagawiwa lini? Nani anaamua? Mtu akitaka kutoka, hisa zake zinahesabiwa vipi? Mambo hayo yakibaki ndani ya maneno na salamu, ugomvi umeshapandwa. Sheria ya OHADA inaruhusu watu wachache kufungua SARL na kuandika yote hayo ndani ya kanuni zake. Kila mmoja ana sehemu yake inayojulikana, na kwa kawaida hasara yake inaishia kwenye feza aliyoweka. Nyumba yake na shamba lake vinabaki nje. Huo ni ukuta ambao mkopaji mwenye kusaini kwa parseli yake hana.

Tena ushirika si kitu kigeni kwetu. Wafanyabiashara wa Butembo wamejulikana miaka mingi kwa kuungana ili kujaza kontena moja. Mama zetu wa likirimba na wa AVEC wanachanga, wanaandika, wanagawana mwisho wa mwaka, na wanaaminiana kuliko mabenki yanavyotuamini. Kilichobaki ni hatua moja: kutoka kwenye kuchanga kwa ajili ya kukopeshana, kwenda kwenye kuchanga kwa ajili ya kumiliki pamoja.

Hatusemi watu waache kukopa. Tunasema kila feza iende pahali pake. Feza ya kununua bidhaa zitakazouzwa katika miezi miwili inaweza kuwa ya mkopo, kwa sababu bidhaa zenyewe zitalipa. Feza ya mashine, ya mashua, ya kinu, ya chumba cha baridi, ya jengo, yaani vitu vinavyochukua miaka kurudisha, iwe zaidi ya wenyewe. Chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa kinaelewa hili vizuri: kituo cha kuosha kahawa kijengwe kwa michango ya wanachama, mkopo wa msimu ununue kahawa mbivu, na kahawa ikiuzwa mkopo urudi. Kosa ni kufanya kinyume: kujenga ghorofa kwa mkopo wa mwaka mmoja.

Tunachoomba

Kwa wafanyabiashara: andikeni hesabu. Hakuna mtu mwenye akili atakayeweka feza yake ndani ya kazi isiyo na daftari. Daftari safi linaleta mshirika, na linashusha riba ya benki pia.

Kwa mabenki na COOPEC: watu wa maeneo ya vita hawakukataa kulipa, walizuiwa. Simamisheni adhabu za kuchelewa kwa miezi ambayo milango yenu wenyewe ilikuwa imefungwa. Pangeni upya muda wa malipo. Na pahali ambapo kazi yenyewe ingali na uhai, fanyeni kama ilivyofanywa Kolwezi: geuzeni sehemu ya deni kuwa hisa, mngoje na mwenye kazi, mfaidike naye ikisimama tena. Kama iliwezekana kwa dola bilioni 5,6, kwa nini isiwezekane kwa dola 20 000?

Kwa serikali: mfuko wa dhamana FOGEC ni jambo zuri, lakini dhamana inamsaidia mtu kukopa zaidi. Wekeni pia njia ya feza inayoingia kama mtaji, inayokubali kupata hasara pamoja na kijana aliyeanzisha kiwanda chake cha sabuni ao cha maji. Na huko migodini, someni vitabu vya makampuni kila mwaka. Kabla ya kujivunia asilimia za taifa, ulizeni kwanza: kampuni ina deni kiasi gani, kwa nani, na kwa riba gani?

Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Sisi tunaongeza: kabla ya kuingia harusini, hesabu ni wangapi watakaosimama nawe siku ya matanga. Miji yetu itajengwa tena, kama ilivyojengwa baada ya lava na baada ya vita vya kwanza. Tukiijenga kwa mikopo ya mtu mmoja mmoja, kila tikisiko litaturudisha chini. Tukiijenga kwa kumiliki pamoja, na karatasi zikiwa safi, tikisiko litatukuta tumeshikana.